Nasaba kama Utanzu na kama Ushahidi: Kumtafuta Babu wa Karne ya 19 Mjini Garissa

Makala haya yanashughulikia swali linaloonekana dogo. Mtu wa Garissa akitaka kumjua babu yake aliyeishi kabla ya mwaka 1900, aanzie wapi?

Katika majimbo ya kati ya Marekani, kama vile Ohio na Iowa, swali la namna hii hujibiwa kwa karatasi. Sensa ya nchi hiyo ilianza mwaka 1790, na tangu 1850 iliandika jina la kila mtu huru katika kaya, si la mkuu wa kaya peke yake. Mtafiti huanza na cheti cha kifo, akaenda kwenye hati ya ardhi, akaishia kwenye sensa. Hata huko mnyororo hukatika: sehemu kubwa ya sensa ya 1890 iliharibika kutokana na moto uliotokea Washington mwaka 1921, na wanaotafuta jamaa zao huruka miaka ishirini gizani. Garissa hali ni kinyume cha hiyo. Karatasi ni chache, majina ni tele. Mtoto wa miaka minane anaweza kukutajia mababu kumi mfululizo bila kusita, ilhali hakuna hata mmoja kati ya watano wa mwisho aliyewahi kuandikwa popote.

Orodha hiyo ya majina Wasomali huiita abtirsi. Hoja ya makala haya ni kwamba abtirsi ni utanzu wa fasihi simulizi wenye kanuni zake, na kwamba yeyote atakayeutumia kama ushahidi bila kuzielewa kanuni hizo, awe mtafiti au afisa wa serikali, ama atapotoka ama atamdhulumu mtu.

Karatasi zilizopo

Tuanze na maandishi, kwa kuwa hayatuchukui mbali. Usajili wa vizazi na vifo nchini Kenya ulianza mwaka 1904 kwa Wazungu, ukaongezewa Waasia mwaka 1906. Kwa Waafrika ulianza kuwa wa lazima mwaka 1963 katika wilaya chache, ukaenea nchi nzima kufikia 1971. Kipande, kilichotokana na sheria ya 1915 na kuanza kutumika baada ya Vita Vikuu vya Kwanza, kilikuwa chombo cha kuwadhibiti vibarua wa kiume katika mashamba na miji. Mwanamke hakuwamo, na mfugaji wa ng'ambo ya Mto Tana hakuwa mlengwa wake. Sensa ya 1948 ilichapisha jumla za watu, si majina yao.

Kinachobaki ni taarifa za watawala. Kaskazini ilitawaliwa kwa sheria zake yenyewe: sheria ya wilaya za pembezoni ya 1902, tangazo la 1926 la kuifunga Wilaya ya Mpaka wa Kaskazini (NFD), kisha sheria ya wilaya maalumu ya 1934. Wakuu wa wilaya waliandika taarifa za kila mwaka na taarifa za kukabidhiana ofisi, na nyingi zimehifadhiwa katika Makavazi ya Kitaifa ya Kenya jijini Nairobi. Humo hutajwa wazee, machifu, faini za mifugo, ugomvi wa visima na mauaji. Anayetajwa sana ni yule aliyeisumbua serikali. Aliyelisha ngamia wake kwa amani hakuacha hata mstari.

Kuna tatizo jingine ambalo wengi hulisahau. Mpaka mwaka 1925 eneo la Jubaland lilikuwa sehemu ya Kenya. Mwaka huo likakabidhiwa Italia. Kwa hiyo babu ambaye wajukuu wake wako Garissa leo huenda ameandikwa katika mafaili ya Kismayu au Serenli, kituo ambacho Waaulihan walikivamia mwaka 1916 na kumuua Luteni Elliott. Atakayesoma mafaili ya Garissa peke yake atadhani ukoo huo ulizuka ghafla baada ya 1925. Ukweli ni kwamba ni mpaka uliohama.

Tena kuna tahajia. Kisomali kilipata maandishi rasmi ya Kilatini mwaka 1972 nchini Somalia, ambapo herufi c huwakilisha sauti ya ain na x huwakilisha ha nzito ya Kiarabu. Kabla ya hapo kila afisa aliandika alivyosikia. Ukoo mmoja huonekana kama Aulihan, Aulyahan na Cawlyahan. Mtu mmoja huwa Hassan na Xasan, Omar na Cumar, Farah na Faarax. Mtafiti asiyejua kwamba C ya leo ni O ya jana ataifunga faharasa na kuondoka mikono mitupu.

Kanuni za abtirsi

Sehemu ya pili ya neno abtirsi inatokana na kitenzi chenye maana ya kuhesabu, na kwa kweli utendaji wake ni wa kuhesabu. Fanani hutaja jina lake, la baba, la babu, na kuendelea kupanda. Hakuna vitenzi, hakuna viunganishi, hakuna maelezo. Tuseme kijana anaitwa Abdi Hassan Farah. Jina hilo si jina pamoja na majina ya ukoo kama tulivyozoea kwingineko. Ni ngazi tatu za kwanza za abtirsi yake. Ndiyo maana hakuna "jina la familia" la kutafuta. Babake Abdi ni Hassan Farah, na atakayetafuta familia ya akina Farah kitabuni atapata watu wasiohusiana kabisa.

Hadhira ya utanzu huu ni nani? Kijadi ni mgeni. Watu wawili wasiofahamiana hukutana kisimani, kila mmoja akapanda ngazi yake mpaka wafike kwa babu mmoja, na hapo wakajua ni ndugu wa kiwango gani. Lakini uamilifu mkubwa zaidi uko katika mag, yaani dia. Mtu akiua, kundi lake la nasaba hulipa kwa pamoja. Kiwango cha kijadi ni ngamia 100 kwa mwanamume na 50 kwa mwanamke. Anayejitia katika ukoo anajitia pia katika madeni yake, na ukoo unaomkubali unakubali kumlipia. Kwa sababu hiyo sehemu ya chini ya abtirsi, yaani vizazi vya karibu, hukaguliwa na watu wengi wenye maslahi. Ukidanganya jina la babu wa tatu, yuko mtu wa kukusahihisha, maana kosa lako lina gharama kwake. Nathubutu kusema kwamba katika vizazi hivyo vya karibu abtirsi ni rekodi imara kuliko vyeti vingi tulivyo navyo.

Juu ya hapo mambo hubadilika. Mwanaanthropolojia I. M. Lewis, aliyeandika kuhusu Wasomali wa kaskazini kuanzia miaka ya 1950, alionyesha kwamba koo kubwa huwa na nasaba ndefu na koo ndogo huwa na nasaba fupi, hata zinapodai babu mmoja. Wasomali wenyewe wana istilahi za jambo hili: laan dheer, tawi refu, na laan gaab, tawi fupi. Babu aliyezaa matawi mengi hukumbukwa kwa kuwa jina lake linahitajika kuyatofautisha. Babu aliyezaa mwana mmoja tu hana kazi katika hesabu, na taratibu huachwa. Kwa hiyo mtafiti anayekadiria miaka thelathini kwa kila kizazi, akazidisha kwa majina kumi na kupata miaka 300, anapima kitu ambacho hakikuundwa ili kupima muda. Babu aliyeishi 1860 anaweza kuwa jina la tano kwa ukoo mmoja na la saba kwa jirani yake.

Matatizo mengine nitayataja kwa haraka. Lakabu, naanays kwa Kisomali, huenea kiasi cha kulifuta jina halisi, na mtu mmoja huweza kuhesabiwa kwa lakabu upande mmoja na kwa jina upande wa pili. Ncha ya juu kabisa, inayofika kwa shehe aliyetoka Uarabuni, ni ya aina nyingine ya maarifa. Wanahistoria wengi huiona kama tunavyoviona visa vya asili ya Kishirazi katika pwani yetu: ina mengi ya kutuambia kuhusu hadhi na dini, na machache kuhusu uzazi.

Lililo zito ni suala la sheegat. Katikati ya karne ya 19 koo za Darod zilivuka Mto Juba kuelekea kusini na magharibi, zikapigana na Waoromo wa Warday na kuwashinda. Baadhi ya walioshindwa walihamia ng'ambo ya Tana. Wengine walibaki chini ya ulinzi wa koo za Kisomali na hatimaye wakahesabu nasaba za waliowalinda. Sheegat ni yule aliyeingia ukoo kwa kudai badala ya kuzaliwa. Je, nasaba yake ni ya uongo? Kwa kanuni za utanzu, hapana. Analipa dia, analipiwa dia, anahesabu na wenzake. Ni uongo tu kwa anayedhani kwamba abtirsi ni cheti cha damu.

Wanafunzi wa fasihi ya Kiswahili hawapaswi kushangazwa na haya. Khabari za Pate, zilizohifadhiwa kwa mapokeo ya Bwana Kitini na kuchapishwa na Stigand mwaka 1913, zinawaweka Wanabahani katika kiti cha Pate tangu karibu mwaka 1204. Mwaka 1969 mwanaakiolojia Neville Chittick alihoji orodha hiyo, akisema ukoo huo ulianza kutawala baadaye sana kuliko unavyodai. Orodha ya Pate ilirefushwa, zile za Wasomali aghalabu hufupishwa. Hata hivyo swali letu ni lilelile: orodha ilitungwa ifanye kazi gani, na nani alikuwa akisikiliza?

Utanzu unapofikishwa mbele ya afisa

Swali hilo la hadhira lilipata uzito wa kutisha mwezi Novemba 1989, serikali ya Kenya ilipowaamuru raia wa asili ya Kisomali waliotimiza miaka 18 wajitokeze kuhojiwa na kusajiliwa upya. Mbele ya maafisa na wazee walitakiwa kueleza ukoo, tawi la ukoo na chifu wao. Waliokubaliwa walipewa kadi ya ziada ya rangi ya waridi. Wapo waliokataliwa na kufukuzwa nchini. Katika miaka iliyofuata kijana wa Garissa aliyeomba kitambulisho alifika mbele ya kamati ya ukaguzi ambayo mwenzake wa Nyeri hakuwahi kuiona, akidaiwa hati za wazazi na hata za mababu. Februari 2025, akiwa Kaskazini Mashariki, Rais William Ruto alitangaza kuuondoa ukaguzi huo.

Tazama kilichotendeka kifasihi. Utanzu uliokusudiwa kujibu "wewe ni ndugu yangu wa wapi?" ulilazimishwa kujibu "wewe ni raia wa nchi gani?" Abtirsi haina jibu la swali la pili. Ndugu wawili wanaokutana kwa babu wa nne wanaweza kuwa mmoja wa Garissa na mwingine wa Kismayu, na majina yao manne ya mwisho ni yaleyale. Aliyehesabu kwa ufasaha hakuthibitisha Ukenya wake, na aliyekwama, pengine kwa kulelewa mjini au kwa kuwa yatima, hakuukanusha. Yatima ndiye aliyeumia zaidi, kwa kuwa hakuwa na wa kumfundisha.

Kuna mfano wa pili, na huu unaturudisha Marekani. Kutoka kambi za Dadaab, zilizoanza mwaka 1991 katika eneo la Garissa, wakimbizi wengi wamepelekwa Minnesota na Ohio. Mwaka 2008 Marekani ilifanya vipimo vya vinasaba jijini Nairobi kwa waombaji wa mpango wa kuunganisha familia za wakimbizi, wengi wao Wasomali na Waethiopia. Kaya zilizothibitishwa kikamilifu zilikuwa chini ya moja kwa kila tano, wengine wakikataa au wakikosa kufika, na mpango ukasitishwa hadi 2012. Udanganyifu ulikuwapo, hilo halina ubishi. Lakini mtoto wa marehemu ndugu aliyelelewa kama mwana naye hutoka "hasi" katika kipimo. Lugha yetu imeliunda neno vinasaba kutokana na nasaba, na huenda ukaribu huo wa maneno unatufanya tuamini kwamba vitu hivyo viwili hupima jambo moja.

Akina mama wako wapi?

Abtirsi haimtaji mwanamke, na hili ndilo pengo ambalo wanafunzi wa Kiswahili wanaweza kusaidia kuliziba. Zipo njia. Mwanamke wa Kisomali habadilishi jina anapoolewa, hivyo jina lake humrudisha mtafiti kwa baba na babu yake mzaa baba. Baadhi ya matawi ya koo huanza na neno bah, likifuatiwa na jina la ukoo alikotoka mama. Pale mke mmoja wa babu aliyeoa wake kadhaa amebaki katika kumbukumbu kwa kabila la kwao, ijapokuwa jina lake limepotea. Zipo pia daftari za ndoa na talaka za Kiislamu zinazotokana na sheria ya 1906. Penye daftari la kadhi, ndoa huandikwa pamoja na walii wa bibi harusi, na walii huyo mara nyingi ni baba au kaka aliye katika abtirsi ya upande wa pili.

Anayekusanya nasaba Garissa na arekodi basi kwa watu wawili wa matawi tofauti, bila kuwaketisha pamoja, na kutia alama kila mahali wanapotofautiana badala ya kupatanisha. Aulize lakabu. Tarehe azifunge kwenye matukio yanayojulikana: Serenli 1916, kukabidhiwa kwa Jubaland 1925, mafuriko ya 1961, vita vya Shifta vya 1963 hadi 1967. Kisha, mzee akishamaliza kuhesabu na watu wakaanza kuinuka, amfuate nyanya aliyekuwa akisikiliza kutoka upande wa jikoni na kumuuliza kila mmoja wa wanaume hao alizaliwa na nani.