Kishindo Mdomoni mwa Handaki

Treni ikiingia handakini kwa kilomita 300 kwa saa, hewa iliyo mbele yake hukosa pa kukimbilia. Hubanwa kama hewa ndani ya pampu ya baiskeli, na mgandamizo huo husafiri kwa mwendo wa sauti, takriban mita 340 kwa sekunde, ukaiacha treni nyuma. Ukifika upande wa pili, sehemu yake huchomoka nje na kuweza kutoa kishindo kinachotikisa madirisha ya nyumba za jirani. Sehemu nyingine hurudi ndani kuikabili treni, na masikio ya abiria huziba.

Japani iliyajua haya miaka ya 1970, reli ya treni za kasi ya Sanyo Shinkansen ilipokuwa ikisogezwa hadi Hakata. Ndani ya mahandaki yake marefu, reli zililazwa juu ya zege badala ya kokoto. Kokoto hunyonya makali ya wimbi; zege huliacha lipite. Tena, hewa iliyobanwa zaidi huenda kasi kidogo kuliko ile iliyotangulia, hivyo huifuata na kuirundikia, na handaki likiwa refu wimbi hutoka likiwa kali kuliko lilivyoingia.

Dawa mojawapo ni pua ndefu, inayoingia kidogo kidogo. Mhandisi Eiji Nakatsu, mpenzi wa ndege, aliutazama mdomo wa mdiria unavyopenya majini bila kurusha maji mengi. Treni ya Shinkansen ya toleo la 500, iliyoanza safari mwaka 1997, ikapewa pua ya mita 15 iliyoiga mdomo huo. Ilifaa, ila pua hiyo ilikula behewa: upande wa dereva hapakubaki nafasi ya mlango wa abiria.

Hapo kompyuta ikaonyesha thamani yake. Programu huigawa hewa ya handaki katika vyumba vidogo vidogo, ikakokotoa mgandamizo wa kila kimoja hatua kwa hatua. Wasanifu wa treni ya N700 ya mwaka 2007 waliiachia izalishe maumbo, ichague bora, iyachanganye, kizazi baada ya kizazi. Ikatoka pua ya mita 10.7, kwa kasi ileile ya kilomita 300 kwa saa. Huo ni ushindi mkubwa wa hesabu.

Hata hivyo hesabu hupimwa. Mjini Göttingen, Ujerumani, watafiti hurusha treni ndogo za mfano ndani ya handaki la mfano.

Kasi nayo ina uzito wake: ukali wa wimbi linapozaliwa hukua kwa kipeo cha tatu cha kasi. Treni ya reli ya kisasa (SGR) ya Tanzania, inayopita mahandaki ya Kilosa, ina kikomo cha kilomita 160 kwa saa. Kwa treni na handaki vilevile, wimbi lake lingekuwa na takriban asilimia 15 tu ya ukali wa wimbi la treni ya kilomita 300 kwa saa. Japani inalenga kilomita 360 kwa saa, kasi ambayo huongeza ukali kwa zaidi ya asilimia 70. Ndiyo maana treni ya majaribio ya ALFA-X, iliyotoka mwaka 2019, ina pua mbili tofauti, mita 16 upande mmoja na mita 22 upande wa pili, zilinganishwe humohumo mahandakini.