Kamba ya Kusafishia Mtutu Nayo Husafishwa

Kamba ya kusafishia mtutu wa bunduki ni kifaa kidogo. Ni uzi imara unaouzidi mtutu kwa urefu, wenye kipande kizito cha shaba ya njano upande mmoja na vitanzi vya kushikia kitambaa upande wa pili. Bunduki ikishahakikishwa kuwa haina risasi, kipande kile kizito hudondoshwa kupitia chemba hadi kitokeze mdomoni. Kisha kamba huvutwa, na kitambaa hupita mtutu mzima kikizoa masizi, unyevu na mafuta ya zamani. Kwa udogo wake na urahisi wa bei yake, kamba hii husahaulika kuliko vifaa vyote vya ghala la silaha. Bunduki ina namba, ina daftari, ina mtu wa kuulizwa ikipotea. Kamba huviringishwa ikiwa bado na uchafu, ikatiwa mfukoni, na kesho ikapitishwa tena katika chuma kilekile. Nasema kwamba uzembe huo si mdogo. Kamba chafu huharibu kile ilichotumwa kukitunza, na katika mji kama Goma, mashariki mwa Kongo, huharibu kwa kasi zaidi, kwa sababu ya ardhi yenyewe na hewa yenyewe.

Mtu anayetaka kuona sababu hiyo atembee Birere wakati wa kiangazi. Mtaa huu wa biashara, uliobanana kati ya katikati ya mji na mpaka wa Rwanda, uliunguzwa na kufukiwa kwa sehemu kubwa tarehe 17 Januari 2002, lava ya volkano ya Nyiragongo ilipokatiza mji hadi ikaingia Ziwa Kivu. Watu walirudi wakajenga juu ya jiwe lililokuwa bado halijapoa vizuri, na jiwe hilo ndilo sakafu ya maisha yao hadi leo. Magari, pikipiki na chukudu za mbao za kubebea mizigo hulisaga kila siku likawa vumbi jeusi linaloingia dukani, kwenye nguo na kwenye chakula. Vumbi hilo si udongo laini wa shambani. Ni chembe za lava zenye kingo kali, na madini yaliyomo ni magumu kiasi cha kukwaruza chuma cha mtutu, ambacho hakikuchomwa kikakazwa kama chuma cha tupa. Chembe moja haiwezi kufanya mengi. Lakini uzi uliosokotwa una maelfu ya nyuzinyuzi, na kila unyuzi ukiwa na mafuta kidogo hunasa chembe na kuishikilia. Kamba ya namna hiyo ikivutwa, inakata kama msasa.

Mafundi wa silaha wa jeshi la Uingereza waliijua hasara hii vizuri kiasi cha kuipa jina lake katika kazi yao. Bunduki aina ya Lee-Enfield, ambayo askari wa King's African Rifles kutoka Kenya, Uganda, Tanganyika na Nyasaland waliibeba katika Vita vya Pili vya Dunia, ilikuwa na tundu dogo kwenye kitako, na ndani yake mlikaa chupa ya mafuta pamoja na kamba ya kusafishia. Kamba hiyo ilikuwa na vitanzi vitatu: kimoja cha wavu wa waya kwa uchafu sugu, kimoja cha kitambaa cha pamba chenye ukubwa wa kama sentimita 10 kwa 5, na cha tatu cha kuivutia nyuma ikikwama. Askari aliyekuwa na haraka aliivuta kwa pembe badala ya kuinyoosha sambamba na mtutu. Kamba ikajisugua upande mmoja wa mdomo, siku baada ya siku, hadi ikachimba mfereji. Mdomo wa mtutu ndio mahali pa mwisho pa risasi kuguswa na bunduki. Ukiwa umelika upande mmoja, gesi ya baruti hutoka upande huo kwanza na kuisukuma risasi kando. Mtutu wote unaweza kuwa mzima, michirizi yake iliyojipinda ikawa inang'aa, na bado risasi isiende inakolengwa. Wavu wa waya nao ulikuwa na hatari yake, kwa hiyo ulitakiwa kupakwa mafuta na kutumiwa kwa nadra. Mwaka 1944, Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki iliposonga katika bonde la Kabaw huko Burma chini ya mvua za masika, askari walipigana na tope kila jioni kwa kamba hizi. Tope lile lilikuwa na mchanga, na mchanga ulibaki kwenye kamba.

Mbali na mchanga kuna chumvi, na hapa wengi hukosea hata wakiwa na nia njema. Kwa miongo mingi, viwashio vya risasi za kijeshi vilitengenezwa kwa klorati ya potasiamu. Risasi ikilipuka, klorati hugeuka kuwa kloridi ya potasiamu, ndugu wa chumvi ya mezani, ikatapakaa ndani ya mtutu. Risasi nyingi za zamani za milimita 7.62 kutoka Umoja wa Kisovyeti zilikuwa za aina hiyo. Chumvi haiyeyuki katika mafuta. Mtu akipitisha kitambaa chenye mafuta peke yake, anaifunika tu, na unyevu ukiingia chini ya mafuta kutu huanza. Maji ndiyo huiyeyusha, ndiyo maana askari wa enzi za Lee-Enfield walifundishwa kumimina maji ya moto ndani ya mtutu kabla ya kukausha na kupaka mafuta. Baruti ya zamani yenye moshi mzito nayo iliacha masizi yanayovuta unyevu, na mpaka huu wa Kivu uliyajua masizi hayo mapema: mwanzoni mwa Vita vya Kwanza vya Dunia, wanajeshi wengi wa Force Publique, jeshi la kikoloni la Kongo ya Wabelgiji, walikuwa na bunduki za Albini za kupiga risasi moja moja, na askari wengi wa Wajerumani upande wa pili walibeba Mauser za mwaka 1871. Zote zilitumia baruti ya aina hiyo. Sasa fikiri kamba inakwenda wapi baada ya kazi. Chumvi iliyotolewa mtutuni imehamia kwenye uzi na kwenye kitambaa. Kamba ikiviringishwa bila kuoshwa, usafi wa kesho utairudisha chumvi ileile ndani, ikiwa na unyevu wa usiku mzima. Goma iko kando ya ziwa, kwenye mwinuko wa mita 1,500 hivi, na mvua huikumba miezi mingi ya mwaka. Tena mvua ya karibu na Nyiragongo huchanganyika na gesi za volkano ikawa na asidi. Chuma hakipewi muda wa kupumzika hapa.

Utunzaji wa kamba, basi, hauna siri wala gharama. Baada ya kila usafi hufuliwa kwa maji ya uvuguvugu na sabuni, ikakamuliwa na kufuliwa tena hadi maji yatoke meupe, kisha ikasuuzwa kwa maji safi. Huanikwa kivulini, mbali na vumbi la barabara, hadi ikauke kabisa. Kamba inayoonekana kavu kwa nje huweza kuwa mbichi katikati ya msokoto. Ikishakauka hupitishwa polepole kati ya vidole, tangu kipande cha shaba hadi kitanzi cha mwisho, kwa kuwa vidole hugundua nyuzi zilizokatika kabla ya macho kuziona. Mahali pa kuangalia kwa makini zaidi ni mzizi wa kila kitanzi na fundo linaloshika kipande kizito, maana hapo ndipo kamba hukatikia. Nyuzi zikianza kukatika, kamba hiyo imekwisha kazi. Isifungwe fundo ikaendelea kutumika: fundo hukwama, na kamba ikikatika ndani ya mtutu huacha kitambaa kimeziba njia. Bunduki ya namna hiyo ni ya kupelekwa kwa fundi. Anayejaribu kukitoa kitambaa kwa kupiga risasi anaweza kuupasua mtutu mbele ya uso wake mwenyewe. Kitambaa nacho kiwe cha pamba safi, kipya kila mara, kisiwe kinene hata kikahitaji watu wawili kukivuta. Mitumba ya Birere haikosi shati la pamba lililochoka linaloweza kukatwa vipande. Kisichofaa ni waya wa breki ya pikipiki, hata kama una nguvu na unapatikana kila kona; chuma kitupu hakina kazi ndani ya mtutu. Na zile kamba nene za kisasa zilizofumwa pamoja na brashi ya waya ndani yake huhitaji kuoshwa kwa bidii zaidi, kwa sababu kila kitu kilichozolewa kinabaki mwilini mwake, hakuna kitambaa cha kutupa.

Kuna watakaosema kwamba haya ni mambo ya bunduki za babu zetu. Kalashnikov, watasema, iliundwa ili istahimili tope, na mtutu wake umepakwa kromu ndani. Ni kweli kwamba kromu huzuia kutu na hustahimili msuguano, na ni kweli kwamba bunduki hiyo huendelea kulia mahali ambapo nyingine zingenyamaza. Lakini kulia na kupiga panapolengwa ni vitu viwili. Kromu haifiki kila mahali. Kingo za mdomo na tundu la gesi huweza kubaki chuma kitupu, na kromu ikibanduka sehemu moja, kutu hupenya chini yake. Waliobuni bunduki hiyo hawakuidharau hatari ya kifaa cha usafi. Kikopo cha vifaa vyake kina kifuniko kinachovishwa kwenye mdomo wa mtutu ili ufito wa kusafishia upite katikati usisugue kingo. Kamba ina sifa moja kuliko ufito: yaweza kuingizwa kutoka chemba hata pale ambapo ufito mgumu haupiti, hivyo uchafu ukatokea mbele badala ya kusukumwa nyuma kwenye mitambo. Sifa hiyo hupotea yote kamba ikiwa imejaa changarawe.

Pingamizi la pili ni la bei. Kamba ni rahisi, kwa nini isitupwe ikachukuliwa nyingine? Hoja hii ingekuwa na nguvu kama hiyo nyingine ingekuwapo. Katika vituo vya mbali, kama vile vya walinzi wa Mbuga ya Virunga, kamba mpya haifiki kwa sababu tu ile ya zamani imechakaa. Mbuga hiyo ilianzishwa mwaka 1925, na imepoteza walinzi zaidi ya 200 waliouawa wakiwa kazini, wakiwamo 12 walioviziwa karibu na Rumangabo siku moja ya Aprili 2020. Mlinzi wa aina hiyo hawezi kuambiwa asubiri vifaa. Lakini simwekei yeye mzigo wote. Ofisi inayonunua bunduki bila kununua kamba, vitambaa na mafuta kwa hesabu ya miaka itakayotumika imenunua nusu ya bunduki.

Pingamizi la tatu ndilo zito, na linatoka moyoni mwa watu wa mji huu. Goma imezisikia bunduki mno. Mwishoni mwa Januari 2025 waasi wa M23 waliingia mjini, watu wakafa, na silaha zikaachwa mitaani. Kwa nini basi mwandishi awafundishe watu kuzitunza bunduki ziendelee kufanya kazi? Naliheshimu swali hili, na najibu kwanza kwamba makala haya hayamhusu raia aliyekuta silaha mtaroni. Yeye asiiguse, asiisafishe, asiifiche. Kazi yake ni kuwaweka watoto mbali. Pili, bunduki mbovu haipunguzi vifo. Katika mtaa wenye nyumba za mbao zilizoshikana kama Birere, risasi iliyopotoka kwa sababu ya mdomo uliolika hupenya ubao na kumfikia aliyelala upande wa pili. Askari asiyeiamini bunduki yake hupiga risasi nyingi mahali ambapo moja, au hata onyo, lingetosha. Tatu, na hili ndilo ninalolishikilia zaidi, silaha hutoroka ghalani pale ambapo hakuna anayezigusa kwa utaratibu. Protokali ya Nairobi ya mwaka 2004 na Mkataba wa Kinshasa uliopitishwa mwaka 2010 na kuanza kutumika mwaka 2017 zinazitaka serikali ziweke alama kwenye silaha zao, ziziandike na kuzihifadhi kwa usalama. Maneno hayo hubaki karatasini mpaka kuwe na siku maalumu ambayo kila bunduki inafunguliwa, namba yake inasomwa, na mtutu wake unapitishwa kamba mbele ya mkubwa wa zamu. Siku ya usafi ndiyo siku ya kuhesabu. Bunduki iliyouzwa usiku haiwezi kuletwa asubuhi kusafishwa.

Kwa hiyo kamba iingie kwenye daftari. Pembeni mwa namba ya bunduki iandikwe tarehe kamba ilipotolewa, tarehe ilipokaguliwa na jina la aliyeikagua. Iliyochakaa irudishwe ghalani ndipo mpya itolewe, na ile ya zamani ikatwe papo hapo ili isirudi mfukoni mwa mtu. Kipande cha shaba kifunguliwe fundo, kioshwe, kikaguliwe kama kina mikwaruzo, kisha kifungwe kwenye uzi mpya. Uzi huo unaweza kununuliwa sokoni, mradi uwe umesokotwa sawasawa, hauna waya ndani, na umejaribiwa kwa kuvutwa na watu wawili kabla ya kupitishwa kwenye mtutu wowote.