Elimu ya Mwindaji Chini ya Mlima Elgon

Katika nchi iliyo baina ya Kitale na Bungoma, chini ya Mlima Elgon, uwindaji haukuwa mchezo tu. Ulikuwa shule, na mwalimu wake alikuwa baba mzazi, pengine babu au mjomba. Waogiek wa Chepkitale, wakaao juu mlimani penye baridi, walitegemea sana wanyama wa msitu na asali. Wabukusu wa nchi ya chini walikuwa wakulima na wafugaji, lakini nao waliwinda.

Mtoto hakukabidhiwa mkuki siku ya kwanza. Alianza na ndege. Tombo mwenye sauti nzuri aliwekwa katika kikapu na kutundikwa juu ya mti mrefu ili awaite wenzake, na matanzi yakapangwa nyasini. Mtoto alipaswa kurauka alfajiri kuyatazama. Akichelewa, chakula chake kililiwa na paka-mwitu.

Kisha alifunzwa kusoma ardhi. Unyayo wenye umande ndani yake ni wa jana. Unyayo uliokanyaga umande ni wa asubuhi hiyo. Alifunzwa kuchukua vumbi kidogo na kuliachia lianguke, apate kujua upepo unakoelekea, kwa maana mnyama huinusa harufu ya mtu kabla ya kumwona. Zaidi ya hayo alifunzwa kunyamaza na kungoja, na nyama ilipopatikana, kuigawa. Kwa Waogiek kila ukoo ulikuwa na sehemu yake ya msitu, na mwenye akili hakuimaliza akiba ya watoto wake.

Elimu hiyo ilikutana na sheria. Serikali ya kikoloni ilidai leseni, na mtu aliyewinda kama alivyofunzwa na baba yake akaitwa jangili. Baada ya Uhuru, Mlima Elgon ulipata mbuga ya taifa mwaka 1968, na Saiwa, karibu na Kitale, mwaka 1974, ili kumwokoa nzohe, swala wa kinamasi. Mwezi wa Mei 1977 Kenya ilipiga marufuku uwindaji wa wanyama pori. Sababu ilikuwa ya haki, kwa kuwa ndovu na faru walikuwa wakiangamizwa kwa ajili ya pembe. Lakini marufuku hiyo haikumtenga mfanya biashara ya pembe na mzee aliyetafuta kitoweo.

Chepkitale nayo ilifanywa hifadhi mwaka 2000, na Waogiek wakaamriwa kuhama. Walikwenda mahakamani, na mwaka 2022 mahakama ya Bungoma ikaamua kwamba ardhi hiyo ni yao. Hawakudai ruhusa ya kuua ndovu. Wao wenyewe wamejiandikia sheria za jamii zinazokataza ujangili na uchomaji wa makaa.

Hapo ndipo wazazi wapate funzo. Mkuki umekatazwa, lakini jicho la kutambua unyayo halikukatazwa. Mlima Elgon una mapango kama Kitum, ambamo ndovu huingia gizani kula chumvi ya mwamba, na kijana ajuaye kusoma njia zao aweza kuwa askari wa wanyama au kiongozi wa wageni. Wazee waliofunzwa na baba zao wanapungua kila mwaka. Yafaa wawachukue wajukuu msituni wangali na nguvu za kutembea, kwa maana elimu hiyo haisomwi darasani.