Je, Wajua? Kasuku Mgonjwa Hujifanya Mzima

Wajua kwamba kasuku akishaonekana amejikunyata chini ya tundu, manyoya yamemtutumka, ugonjwa wake haukuanza leo? Porini, ndege anayeonyesha unyonge ndiye mwewe anayemchagua, kwa hiyo hujikaza mpaka nguvu zimwishie. Ndiyo maana daktari wa mifugo anayewajua ndege huanza na mizani. Kasuku wa kijivu wengi huwa na gramu 400 hadi 500. Akipungua asilimia 10 mkimbize kwa daktari, hata kama bado anapiga mluzi na kuwatukana wageni. Mizani ya jikoni inayosoma gramu inatosha. Mpime asubuhi kabla hajala.

Na gazeti la chini ya tundu usilitupe siku ya kwenda kwa daktari. Kinyesi cha ndege kina sehemu tatu: choo chenyewe, mkojo mweupe mzito na maji. Rangi ya kila sehemu inamwambia daktari jambo lake.

Wajua kwamba ndege hana kiwambo kama chetu? Hupumua kwa kutanua kifua, kwa hiyo ukimbana mbavu anakosa hewa hata kama pua na mdomo viko wazi. Ukimshika, mzungushie taulo, tuliza kichwa, kifua kiache huru.

Hewa anayovuta hupita kwenye mapafu na mifuko ya hewa, ambayo kwa ndege wengi ni 9. Sumu nayo hupenya haraka. Kikaango kisichoshika chakula kikisahaulika motoni kikiwa kitupu hutoa gesi inayoweza kumuua kasuku kwa dakika chache. Udi, ubani na dawa ya mbu ya kuchoma visifukizwe chumba alicho ndege, hata kama ni Ijumaa na wageni wako mlangoni.

Sasa chakula, maana hapa ndipo wafugaji wengi wanapobishana na daktari. Wajua kwamba kasuku anayelishwa alizeti tupu anaweza kunenepa huku ana utapiamlo? Alizeti ina mafuta tele, lakini kalsiamu na vitamini A ni haba. Kasuku wa kijivu akipungukiwa kalsiamu hupata degedege na kuanguka kutoka kwenye kijiti, na kuna nyumba watakamotafuta mganga kabla ya kutazama bakuli lake. Kumweka dirishani hakutoshi: kioo huzuia karibu miale yote anayohitaji kutengeneza vitamini D ya kufyonza kalsiamu hiyo. Vitamini A ipo sokoni kwa bei ndogo: mchicha, karoti, boga, viazi vitamu vya rangi ya chungwa.

Karanga zenye ukungu hapana, zinaweza kuwa na sumukuvu. Parachichi hapana kabisa, linadhuru moyo. Chokoleti pia. Changarawe? Njiwa humeza punje nzima, kwa hiyo humfaa. Kasuku hubangua kwanza, hana haja nayo.

Wajua kwamba dawa ya kuku ya kutia kwenye maji mara nyingi haimfikii ndege inayomhusu? Mgonjwa hanywi maji ya kutosha, na huwezi kujua amepata kiasi gani.

Wajua kwamba biashara ya kimataifa ya kasuku wa kijivu waliotoka porini imepigwa marufuku tangu 2017? Kenya mwaka 2022 ilitoa msamaha kwa waliowafuga bila kibali ili wajiandikishe. Ilikuwa hatua nzuri: anayemficha ndege polisi humficha na daktari pia.

Mwisho, homa ya kasuku. Mwaka 1929 na 1930 ilienea katika nchi kadhaa kwa kasuku waliosafirishwa kutoka Amerika Kusini. Bakteria wake hukaa kwenye kinyesi kikavu, na vumbi lake likivutwa huleta kwa binadamu homa na nimonia. Ukiugua kifua, mwambie daktari wako kwamba nyumbani kuna ndege. Asipoambiwa, si rahisi akauliza.