Ngozi bandia: Jinsi inavyomsaidia aliyeungua vibaya

Watu wengi wakisikia maneno "ngozi bandia" hufikiri ni kitu kama glavu ya mpira ambacho daktari humvika mgonjwa aliyeungua, naye akaishi nacho maisha yake yote. Sivyo. Sehemu yake kubwa hukaa mwilini kwa muda tu, na kazi yake ni kuusaidia mwili ujijengee ngozi yake wenyewe.

Ili tuelewane, yafaa tujue kwanza ngozi ni kitu gani. Ngozi ina matabaka mawili makuu. La juu ni jembamba, nalo huzuia maji ya mwili yasitoke na viini vya maradhi visiingie. La ndani ni nene. Humo mna mishipa ya damu, mizizi ya nywele, vitezi vya jasho na nyuzi imara za protini iitwayo kolajeni.

Chai ya moto ikichoma tabaka la juu pekee, ngozi hurudi yenyewe, mara nyingi bila kovu. Lakini moto ukila tabaka la ndani lote, mwili wa mtu mzima hauwezi kulitengeneza tena. Badala yake huvuta kingo za kidonda zikaribiane, na kuziba pengo kwa kovu. Kovu hilo likiwa shingoni, kidevu huvutwa kuelekea kifuani. Likiwa kwenye kiwiko, mkono haunyooki. Kwa hivyo mtu anaweza kupona jeraha lakini akabaki mlemavu.

Tiba ya kawaida ni kupandikiza ngozi. Daktari huchuna utando mwembamba, kwa mfano pajani, na kuutandaza kwenye kidonda. Tiba hii ni nzuri na hutumika kila siku. Shida hutokea mgonjwa akiwa ameungua nusu ya mwili au zaidi. Ngozi nzima ya kuchuna itatoka wapi?

Jukwaa la fundi

Swali hilo ndilo lililowashughulisha watu wawili mjini Boston, Marekani: daktari wa upasuaji John Burke, na Ioannis Yannas, mtaalamu wa chuo cha teknolojia cha MIT. Mwaka wa 1981 walitangaza matokeo ya wagonjwa 10 walioungua kati ya asilimia 50 na 95 ya mwili, waliotibiwa kwa ngozi bandia waliyoibuni. Serikali ya Marekani iliidhinisha ngozi hiyo, iitwayo Integra, mwaka wa 1996.

Ngozi hii pia ina matabaka mawili. La chini limetengenezwa kwa kolajeni kutoka kwa kano za ng'ombe, ikachanganywa na kitu kinachopatikana katika gegedu la papa. Lina vitundu vidogo sana, mfano wa sifongo. La juu ni utando wa silikoni unaofunika kidonda kwa muda.

Mfikirie fundi anayejenga ghorofa. Husimamisha kwanza jukwaa la miti, kisha ukuta ukapanda. Ndivyo ilivyo hapa. Daktari huondoa nyama yote iliyokufa na kutandaza ngozi bandia. Chembe hai na mishipa ya damu kutoka chini ya kidonda hupenya ndani ya vile vitundu na kuanza kujenga tabaka jipya. Polepole kolajeni ya ng'ombe huyeyuka, na ya mgonjwa mwenyewe hushika nafasi yake. Kwa kuwa nafasi imejazwa kwa utaratibu, kidonda hakijivuti sana.

Baada ya wiki mbili au tatu hivi, daktari hubandua silikoni na kupandikiza juu yake utando mwembamba mno wa ngozi ya mgonjwa. Kwa kuwa ni mwembamba, pale ulipochunwa hupona upesi, na panaweza kuchunwa tena.

Siku hizi njia hii hutumiwa pia kurekebisha makovu ya zamani yaliyokaza viungo. Mwaka wa 2016 Marekani iliidhinisha itumike kwa baadhi ya vidonda vya miguu vya wagonjwa wa kisukari.

Mipaka yake

Ngozi hii haileti jasho wala nywele, na rangi yake huenda isilingane na ya pembeni. Viini vikiingia chini yake kabla mishipa ya damu haijaota, huharibika na huenda ikalazimu kuondolewa. Huhitaji upasuaji mara mbili, na bei yake ni ghali. Hata ikishika vyema, mazoezi ya viungo ni lazima.

Ukiambiwa jamaa yako atawekewa ngozi bandia, usione haya kuuliza: Imetengenezwa kutokana na mnyama gani? Zipo aina zinazotokana na nguruwe, na nyingine na binadamu, na una haki ya kujua. Je, atapasuliwa mara ngapi? Gharama yote, pamoja na mazoezi, ni kiasi gani?

Hata hivyo, mengi huamuliwa nyumbani kabla ya kufika hospitali. Mtu akiungua, mwagie maji baridi ya bomba yanayotiririka kwa dakika 20. Mvue pete, bangili na nguo, isipokuwa iliyogandamana na ngozi. Usimpake dawa ya meno, unga, mayai wala mafuta, na usitumie barafu. Funika jeraha kwa kitambaa safi, mkinge na baridi, kisha mkimbize hospitalini.

Maji hayo hupunguza kina cha jeraha. Tabaka la ndani likinusurika, mgonjwa huenda asihitaji ngozi bandia kamwe.