Idhaa za Televisheni za Ndani ya Jengo katika Mji wa Mpakani: Usambazaji kwa Kebo ya Koaksia mjini Gisenyi

Ikisiri

Makala haya yanaeleza namna idhaa ya televisheni inayotengenezwa ndani ya jengo inavyosambazwa vyumbani kwa kebo ya koaksia. Yanabainisha kuwa katika mji wa mpakani kama Gisenyi, jambo la kwanza linalostahili udhibiti ni mawimbi yanayovuja nje ya mtandao huo.

Utangulizi

Gisenyi, katika Wilaya ya Rubavu, umepakana na Goma kwenye ufuko wa kaskazini wa Ziwa Kivu. Mlima Nyiragongo ulipolipuka tarehe 22 Mei 2021, maelfu ya wakazi wa Goma walikimbilia upande wa Rwanda, na mitetemeko iliyofuata ilipasua nyumba katika miji yote miwili. Katika hali ya namna hiyo, hoteli, shule au zahanati yenye idhaa yake huweza kuonyesha tangazo moja kwenye kila televisheni, kwa Kinyarwanda, Kifaransa au Kiswahili, ambacho kilifanywa lugha rasmi ya Rwanda mwaka 2017. Intaneti haihitajiki, umeme wa jengo unatosha.

Utendaji wa mtandao

Chanzo cha idhaa chaweza kuwa kompyuta, kamera au king'amuzi. Picha na sauti huingia katika modyuleta, kifaa kinachozipandisha juu ya wimbi la masafa yaliyochaguliwa. Wimbi hilo huchanganywa na lile la antena ya paa, kisha hupita katika kebo ya omu 75 na vigawanyi hadi vyumbani, ambako mtazamaji huipata idhaa hiyo kama anavyopata nyingine yoyote.

Kila hatua hupunguza nguvu ya wimbi. Tuchukulie nyumba ya wageni yenye ghorofa tatu na vyumba vinane kila ghorofa. Modyuleta ikitoa desibeli 90 juu ya mikrovolti 1, kigawanyi cha njia nne hupunguza takriban desibeli 8, kigawanyi cha njia nane cha kila ghorofa takriban 12, na mita 40 za kebo takriban 7. Chumbani hufika desibeli 63, kiwango kinachoitosha televisheni ya dijitali. Njia ya nne isiyotumika hufungwa kwa kizibo cha omu 75, kwani njia iliyoachwa wazi hurudisha wimbi nyuma na kuharibu mapokezi ya vyumba vingine.

Uchaguzi wa masafa

Idhaa za dijitali za nchi kavu hutumia masafa ya megahezi 470 hadi 694, yaliyogawanywa katika nafasi za megahezi 8. Mahali pengine fundi angetafuta tu nafasi isiyotumiwa na vituo vya nchi yake. Gisenyi, lazima achunguze pia vituo vya upande wa Kongo vinavyonaswa na antena hiyohiyo. Nafasi iliyo tupu katika orodha ya Rwanda yaweza kuwa na mwenyewe Goma. Modyuleta za analojia za bei nafuu huongeza ugumu, kwa kuwa wimbi lake humwagikia nafasi za jirani. Hivyo hulazimu nafasi moja kuachwa wazi kila upande.

Uvujaji

Kosa kubwa ni kuunganisha modyuleta na antena kwa kigawanyi cha kawaida pekee. Wimbi la ndani hupanda kwenye antena, nayo hugeuka kuwa kisambazaji. Desibeli 90 katika omu 75 ni takriban mikrowati 13 tu. Hata hivyo, kiasi hicho chaweza kuvuruga idhaa dhaifu inayopokelewa na antena ya jirani. Jirani huyo hatajua chanzo, na pale mpaka unapopita kati ya nyumba na nyumba, malalamiko yake huhusu mamlaka za nchi mbili. Kinga yake ni kuweka kikuza mawimbi cha njia moja kati ya antena na kichanganyishi, kutumia kebo yenye ngao kamili, na kukaza viungio vyote.

Hitimisho

Mtandao wa aina hii hauhitaji kutendewa kama kituo cha utangazaji, maadamu wimbi lake linabaki ndani ya kuta. Wadhibiti wa masafa, ikiwamo mamlaka ya Rwanda, RURA, wanaweza kuweka masharti matatu yanayopimika: kiwango cha juu cha uvujaji nje ya jengo, kinga ya lazima kwenye njia ya antena, na orodha ya pamoja ya masafa yanayotumika Gisenyi na Goma. La mwisho ndilo lenye uzito zaidi, kwa kuwa fundi wa upande mmoja hawezi kuyaepuka masafa ambayo hajaonyeshwa.