Ũ ya Wanjikũ na kazi za ofisini

Kwenye barabara ya Namanga, ukipita Kitengela, mabango ya wauza viwanja na vifaa vya ujenzi yana nambari ya simu kwa maandishi makubwa, na chini yake barua pepe. Wenye biashara ni Wamaasai, Wakikuyu, Wakamba, Wakisii. Majina yao yana ũ, ĩ na ng', lakini anwani zao haziko hivyo.

Kanuni za barua pepe hazikatazi alama hizo. Barua pepe ilianzia kwenye ASCII, orodha ya herufi ya Kimarekani ya mwaka 1963, isiyojua ũ. Mwaka 2012 mlango ulifunguliwa kwa herufi za lugha yoyote hata kabla ya @, na Agosti 2014 Gmail ikaanza kupokea na kutuma barua za anwani hizo. Kikwazo ni kwamba seva za pande zote mbili lazima zikubali. Moja ikigoma, barua inarudi. Halafu kuna mteja wa Isinya anayetaka bei ya saruji kwa muuzaji aitwaye Wanjikũ. Kibodi yake haina ũ, ataandika wanjiku, na kwa kompyuta wanjiku na wanjikũ ni watu wawili. Tapeli naye atafurahi sana kumiliki ile ya pili.

Kimaasai kingepata taabu zaidi. Kina irabu tisa, na wanaisimu huongeza herufi kama ɛ na ɔ ili kuziandika. Nani ofisini Kajiado atazitafuta hizo kila asubuhi?

Kwa hiyo anwani na ibaki bila alama. Ugomvi wangu ni kuhusu ng'. Kile kialama kiko kwenye kila kibodi, na kanuni za barua pepe zinakiruhusu tangu zamani. Bado fomu nyingi za mtandaoni humwambia Ng'ang'a kwamba anwani yake si sahihi, kwa sababu mtengenezaji anaogopa kitavuruga amri za hifadhidata. Huo ni uvivu wa fundi.

Tena jina linaloonekana mbele ya anwani limeweza kubeba alama zote tangu miaka ya 1990. Ngũgĩ wa Thiong'o, aliyefariki Mei 2025, angesomeka kamili hata kama anwani ni ngugi.thiongo. Mtu wa IT hulijaza mara moja anapofungua akaunti, kwa kawaida akinakili karatasi za ajira. Mfanyakazi mpya amwandikie mwenyewe jina lake lenye alama zote, kabla jina halijasambaa kwenye kalenda, mikutano na orodha ya simu za ofisi.